Nukta katika Wimbi la Pili

Vijana wangu wa Umoja, mlipokuja kwangu na karatasi ya yule mchoraji wenu wa kompyuta, mlinikuta nakunywa chai, na naona mliondoka mkidhani mzee hakusikia swali. Nilisikia vizuri. Mliuliza kama inaruhusiwa kuiondoa ile nukta ndogo iliyo katikati ya wimbi la pili kwenye alama yetu. Mchoraji anasema haina kazi, inachafua mchoro, na katika chama kizima hakuna anayejua iliwekwa kwa sababu gani. Mmoja wenu akasema labda ni samaki. Mwingine akasema ni kisiwa. Ukisimama ufukweni Ruziba ukaangalia ziwa mpaka macho yachoke, mwanangu, hutaona kisiwa, lakini nilipenda ulivyojitahidi.

Jibu langu ni fupi, ila nikiwapa fupi mtalibeba mpaka kona ya avenyu na kulisahau hapo. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kwanza mwelewe jambo ambalo kila mwanachama mpya hulielewa kinyume. Alama si yako. Ukilipa kiingilio hununui msumeno na mawimbi matatu, unaazimwa. Alama na jina ni mali ya Umoja wa Maseremala wa Pwani ya Ziwa, vimeandikishwa serikalini, na wewe unavitumia kama mtu anavyotumia koti la kaka yake siku ya harusi. Unalivaa, unapendeza, lakini hukati mikono.

Mimi nilikuwa mtunza chapa wa chama mpaka macho yaliponigomea. Siku hizo alama haikukaa kwenye simu. Ilikaa kwenye vyuma viwili, kikubwa cha makabati na vitanda, kidogo cha viti, na vyuma hivyo vilikaa kwangu Buyenzi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Seremala akimaliza kazi ananiita. Naangalia kama mbao imekauka. Nakisukuma kitanda kwa goti kwenye kona, nisikie kama ulimi wa mbao umekaa sawasawa kwenye tundu lake. Napitisha kiganja chini ya meza, mahali ambapo mteja hapitishi. Nikiridhika, nachoma chapa. Nisiporidhika, nakunywa chai ya mwenye kazi na kurudi nyumbani na chuma changu.

Kuchoma kuna ufundi, na kwa kuwa ninyi sasa mnabandika stika, nitauandika hapa usije ukafa nami. Chuma kikiwa chekundu kimeshapita kiasi; kitafanya mawimbi yawe tope. Kiache mpaka wekundu uondoke, kijaribu kwenye kipande cha mbao cha kutupa, halafu bonyeza bila kutikisa mkono. Muda wa kubonyeza nilifundishwa na marehemu mwalimu wangu: ni bismillahi moja kamili, isiyo na haraka. Kwa mbao laini kama gereveria inatosha. Kwa libuyu inayotoka Kongo kupitia Gatumba, ambayo ni ngumu, ongeza alhamdulillahi. Rafiki yangu Melkiori, aliyekuwa ananishikia kazi hiyo kila nilipougua malaria, ni Mkatoliki, naye alipima kwa Salamu Maria mpaka "umejaa neema". Chapa zake na zangu hamtazitofautisha.

Prezida wa chama alikuwa Bwana Salim, mwenye duka la mbao, mtu wa moja ya zile familia za Kiarabu zilizokuwa mjini hapa kabla ya barabara kuwa na majina. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa alama. Kanuni zile mnazoziona za kipuuzi aliziandika yeye. Pembeni ya alama pabaki nafasi tupu ya upana wa kidole gumba. Jina la chama liandikwe lote, lisifupishwe, wala mtu asiliunganishe na lake akajiita Fulani wa Umoja. Alama isiwekwe karibu na picha ya mgombea, wala ya chama cha siasa, wala ya bia. Isigeuzwe, isiongezwe kitu.

Kuna mwenzetu mmoja, Issa, fundi hodari wa makabati mwenye mdomo unaokata kuliko msumeno wake. Siku moja alichonga ua dogo kando ya chapa kwenye kabati la bibi harusi. Bwana Salim akamwita.

"Prezida, ni ua tu," Issa akasema. "Inapendeza."

"Issa, mutoto wako akizaliwa na pua mbili utasema inapendeza?"

"Itategemea pua."

Alitozwa faini, na ua likapigwa randa mbele ya bibi harusi, ambaye alilia, kwa sababu kati ya vyote vilivyokuwa kwenye kabati lile alikuwa amelipenda ua.

Halafu vita vikaja, na sisi tukaendelea kupima upana wa kidole gumba.

Msicheke. Au chekeni, sisi wenyewe tulicheka. Mji uligawanyika mtaa kwa mtaa. Kulikuwa na siku ambazo hakuna aliyefungua duka, na ukitoka unakuta mawe barabarani na vijana wanaokuuliza maswali yasiyo na jibu zuri. Baadaye nchi jirani zikatuwekea vikwazo, na gundi, misumari, vanishi na rangi vikawa vitu vya kusimuliana. Lakini kila Jumamosi asubuhi komite ilikaa juu ya mafungu ya mbao dukani kwa Bwana Salim na kujadili kama herufi za jina zinaweza kulazwa kidogo. Mlio wa bunduki ukisikika kutoka upande wa milima, Bwana Salim alisubiri uishe, kama mtu anayesubiri lori lipite, halafu akasema, "Tulikuwa kwenye herufi."

Kazi pekee iliyoongezeka ilikuwa ile ambayo hakuna seremala anayeitafuta. Sisi Waislamu wa Buyenzi tunazikwa kwa sanda, kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tunatengeneza kitu ambacho hatutakilalia kamwe. Tulikitengeneza vizuri, kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine ya kuwapa jirani pole. Ndipo Issa akaleta swali kwenye komite.

"Kanuni inasema chapa iwekwe kwenye kila kazi ya mwanachama. Jeneza si kazi?"

Bwana Salim alifikiri. "Chapa ni ahadi," akasema. "Kitu kikilegea, mwenyewe akirudishe tukitengeneze bure. Sasa niambieni, hicho nani atakirudisha?"

"Na akikirudisha," Issa akasema, "mi hamutanikuta dukani."

Tulicheka mpaka Bwana Salim akatoa kitambaa akafuta macho. Sisi tulipomaliza kucheka yeye alikuwa bado anafuta, basi tukaangalia chini. Tulikubaliana majeneza yasichomwe chapa. Kanuni hiyo bado ipo. Sijasikia mtu akitaka kuibadilisha.

Sasa nije kwa Melkiori. Yeye alikuwa na atelie, yaani karakana, mtaa wa Kamenge, na mlangoni alitundika kibao cha chama: mbao pana, rangi ya kijani, msumeno na mawimbi kwa rangi nyeupe. Kila mwanachama alikuwa na kibao kama hicho, na kanuni yake ilikuwa ngumu kuliko zote: mwanachama ni mwenye atelie na kibao mlangoni. Akihama au akifunga, kibao ni mali ya chama, lazima akirudishe kwa prezida, na tangu siku hiyo hana haki ya chapa wala jina.

Kamenge ilipokimbiwa kwa sababu ya mapigano, watu walitoka na walichoweza kushika. Nilikuwa mlangoni kwangu mchana ule nikiangalia waliokuwa wamefika Buyenzi, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba, redio shingoni. Katikati yao nikaona msumeno na mawimbi matatu yanakuja juu ya kichwa cha mtu. Chini ya kibao alikuwa Melkiori. Nyuma yake mke wake Anisia, mtoto mgongoni, wawili mkononi, sufuria kichwani.

"Muangalie, Baba Zaina!" Anisia aliniambia kabla hata ya salamu. "Watu wanabeba godoro, we muangalie yeye! Mi nimebeba mutoto na sufuria, yeye kibao!"

"Si changu," Melkiori akasema. "Ni cha chama."

"Na godoro lilikuwa la nani?"

Melkiori aliteremsha kibao taratibu, akakiegemeza ukutani, akapangusa vumbi kwa kiganja. Katikati ya wimbi la pili kulikuwa na tundu, la duara, safi, la kuingiza ncha ya kidole kidogo. Risasi ilipita hapo kibao kikiwa mlangoni, na nyuma ya mlango huo alikuwa amewalaza watoto wake chini kwenye maranda. Aliniambia hilo mara moja tu, wala sitaliongezea neno.

Niliwapa nafasi katika atelie yangu. Walilala kati ya meza za randa, na Anisia alipika nje penye tanuri langu la chapa. Melkiori hakuja mikono mitupu: kabla ya kukimbia alikuwa amepata kazi ya vitanda vya nyumba moja ya watoto yatima upande wa Gihosha. Mama msimamizi wa nyumba ile aliwahi kuuziwa vitanda vya mbao mbichi za kalitusi, vikapinda kama ndizi, na tangu hapo alisema neno moja tu: kitanda kisicho na msumeno na mawimbi asiletewe. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha familia ile. Mbao nilikuwa nazo, mikono alikuwa nayo. Kilichobaki ni haki ya chapa.

Mtu mwingine angekaa kimya. Kibao angekisukuma chini ya meza, kwa watoto wale na vita vile, nani angeuliza? Lakini Melkiori alikuwa ameapa kufuata kanuni, na alikuwa mtu wa namna ya kubeba kibao badala ya godoro. Jumamosi akakiweka tena kichwani, akaniambia, "Twende nikarudishe."

"Ukikirudisha, mi siwezi kukuchomea vitanda."

"Najua."

"Basi subiri."

"Nimehama, Shabani. Kanuni haisemi subiri."

Tukaenda. Komite ilikuwa imekaa. Melkiori alisimama mbele ya Bwana Salim, akasema sentensi yake moja, "Prezida, nimeleta mali ya chama," na kukinyoosha kibao kwa mikono miwili.

Issa ndiye aliyesema wa kwanza, na msimhukumu haraka; naye alikuwa na watoto, na kwa zamu ya kazi yeye ndiye aliyefuata. "Pole sana, Melkiori, Mungu anajua," akasema. "Lakini tufuate kanuni. Hana atelie, kibao kinarudi. Vitanda vya Gihosha vinakuja kwangu. Sikuandika mi hizo kanuni."

Wote tukamwangalia aliyeziandika.

Bwana Salim alivaa miwani. Alikichukua kibao, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, na mwanga ukapita kwenye tundu ukamkaa shavuni. Halafu akakirudisha mikononi mwa Melkiori.

"Hiki siwezi kukipokea."

"Prezida?"

"Kiko na tundu. Kanuni inasema mwanachama arudishe kibao kikiwa kizima, alama isiwe na kasoro. We unaniletea wimbi lililotoboka? Nenda ukatengeneze."

"Nitengenezee wapi? Atelie yangu..."

"Kwa Shabani. Ziba, paka rangi. Rangi ikikauka, niletee."

"Na wakati huo?" Issa akauliza, maana si mjinga.

"Wakati huo kibao kiko kwenye matengenezo," Bwana Salim akasema, huku akikunja miwani. "Umesahau ile masika vibao vya wenzetu vilianguka kwa upepo? Tuliandika: kibao kikiwa kwenye matengenezo, mwanachama anaendelea na chapa, kazi isisimame. Apana, Issa, usiniangalie hivyo. We ndiye uliyetaka tufuate kanuni. Sasa, tulikuwa kwenye herufi."

Hivyo vitanda vya Gihosha vilichomwa chapa kihalali kabisa, kila kimoja kwa bismillahi yangu, au kwa Salamu Maria nilipougua.

Sasa sikilizeni habari ya rangi, kwa sababu ndani yake kuna somo la ufundi. Ukitaka kuziba tundu kwenye mbao itakayopakwa rangi, kata kizibo chako kutoka ubavuni mwa mbao, ili nyuzi zake zilale kama za jirani zake. Ukikikata kutoka kwenye kijiti cha duara, upande wa kichwa ndio utakaotazama nje, na kichwa cha mbao kinakunywa rangi kama mchanga unavyokunywa maji. Unapaka leo, kesho doa limerudi. Hilo linajulikana na kila aliyefanya kazi hii msimu mmoja.

Melkiori alichukua kijiti cha libuyu, akakizungusha kwa patasi, akakigonga kwenye tundu, akakikata sawa na uso wa kibao. Kichwa nje.

"Umekata vibaya," nikamwambia.

"Najua," akasema, na kuanza kupaka.

Baada ya hapo, kila Jumamosi Bwana Salim alimaliza kikao kwa swali lilelile: "Kibao cha Melkiori kimefika wapi?" Nami nilisimama kama mtunza chapa na kutoa ripoti. Rangi haijakauka. Rangi imekauka lakini kizibo kimeinywa. Rangi nyeupe imekwisha na kwa vikwazo hivi haipatikani. Rangi imepatikana ila si nyeupe ya kanuni, ina umanjano. Bwana Salim, aliyeuza mbao maisha yake yote na kujua tabia ya kila upande wa mti, alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Hii libuyu ina shida," alisema. "Endeleeni."

Wanachama wapya walikuja, wakasikia ripoti, wakadhani tuna rangi mbovu kuliko zote Afrika.

Mwenye kunifanya nihangaike alikuwa Issa. Alikuwa na haki, na alikuwa na mdomo. Jumamosi moja mjumbe mmoja mgeni alikasirika. "Huyu mutu anapaka kibao kimoja tangu mi sijajiunga! Nani amekiona kwa macho yake?"

Nilikuwa sijafungua mdomo Issa akainuka. Asubuhi ile alikuwa amepita kwangu kuazima patasi, na nilimwona amesimama akiwaangalia watoto wa Melkiori waliokuwa wanakula. Alinyoosha mkono wake mbele ya komite. Kwenye kidole gumba kulikuwa na rangi nyeupe, mbichi.

"Mi nimekigusa leo," akasema. "Mbichi kabisa. Imeniharibia na suruali." Akakaa. Halafu, kwa sababu ni Issa, akaongeza, "Nani ananilipa suruali?"

Miaka ikapita hivyo. Mazungumzo ya amani yakaja, yakavunjika, yakaja tena. Siku moja Melkiori akaenda Kamenge kuangalia kiwanja chake, akarudi na udongo kwenye viatu, akaenda tena na jembe, baadaye na mbao. Alipoezeka atelie mpya, akaja kuchukua kibao chake kwangu. Nilimuuliza kama atabadilisha kizibo sasa, akate cha ubavuni. Alifikiri.

"Kimeshazoea," akasema. Akakibeba kichwani kama alivyokileta. Anisia, safari hii, alibeba godoro, tena jipya, na alihakikisha mtaa mzima umeliona.

Jumamosi iliyofuata Bwana Salim aliuliza, "Kibao cha Melkiori kimefika wapi?"

"Mlangoni kwake, Prezida."

"Rangi imekauka?"

"Imekauka."

"Ilichukua muda," akasema, akaomba ruhusa kwenda kuswali ijapokuwa adhana ilikuwa bado.

Sehemu iliyobaki ni fupi. Vita vilipokwisha, ilibidi tuandikishe alama upya, maana muda wa maandikisho ya kwanza ulikuwa umepita tukiwa na shughuli nyingine. Ofisi ilitaka mfano ulio safi. Mchoro wa asili ulikuwa umepotea. Vyuma vyangu vilikuwa vimelika kwa moto mpaka msumeno ukafanana na kitana. Vibao vya wengine vilipauka, vingine viliungua, vingine vilikuwa milango ya mabanda ya kuku. Katika mji mzima kilibaki kibao kimoja ambacho alama yake imepakwa rangi mara nyingi na kwa uangalifu kuliko inavyohitajika. Tulikiazima Kamenge, tukakipeleka mimi na Bwana Salim.

Mchoraji wa ofisi alikuwa mtu makini. Alichora alichokiona: msumeno, mawimbi matatu, na doa la duara katika wimbi la pili. Akainua kalamu. "Hii nukta ni sehemu ya alama?"

Bwana Salim, aliyepiga randa ua la bibi harusi, alivaa miwani. Aliangalia karatasi, akaangalia kibao, akaniangalia mimi.

"Andika kama ulivyoona," akasema.

Kutoka kwenye karatasi hiyo mhunzi alitengeneza vyuma vipya, na kutoka kwenye vyuma hivyo ikatoka alama iliyo kwenye kofia zenu na simu zenu. Komite haikujadili. Issa aliangalia chapa ya kwanza, akapitisha kidole juu yake, akasema, "Mi kwa ua nilitozwa faini," na hilo ndilo lilikuwa pingamizi pekee.

Kwa hiyo jibu langu kwa mchoraji wenu, mpelekeeni na salamu zangu, maana naona ana mkono mzuri na ni haki yake kuuliza. Kanuni inasema alama isigeuzwe, isiongezwe, isipunguzwe. Nukta imeandikishwa. Haitoki.

Na ninyi mtakaorithi vyuma, kwa kuwa nasikia wateja wameanza kuchoka na stika, jueni hili. Katika wimbi la pili la chuma kuna tundu dogo, na hilo ndilo linaloacha nukta bila kuungua. Linajaa masizi na utomvu upesi. Likijaa, mtachoma vitanda siku nzima bila kugundua, na wimbi litatoka zima. Kila mkimaliza kazi, chuma kikiwa bado na uvuguvugu, chukueni msumari mwembamba mlizibue.